Mama Pazia na Barabara ya Mtoni

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Mama Pazia, basi. Hata mwanawe wa kwanza alipoulizwa shuleni mama yake anaitwa nani, alijibu hivyo hivyo bila kupepesa macho. Alishona mapazia na si kitu kingine. Ukimpelekea gauni alipunguze kiuno, alikuelekeza kwa jirani. Lakini ukimletea vipimo vya dirisha, hata dirisha lenyewe liwe limepinda kama mdomo wa mtu aliyelamba ndimu, alikushonea pazia likaanguka sawa mpaka chini, makunjo yamejipanga kama wanafunzi mstarini.

Kazi aliifanyia katika chumba cha mbele cha nyumba yao: cherehani ya kukanyaga kwa miguu, meza ya kukatia iliyomeza nusu ya chumba, na majora ya vitambaa yaliyorundikwa hadi karibu na dari. Aliketi hapo tangu asubuhi mpaka jua linazama, akikanyaga na kubishana na redio. Mapazia yakiisha yalikunjwa, yakafungwa kamba, yakapakiwa kwenye buti la gari la mtu au nyuma ya lori, yakaenda zake. Yalikwenda kwenye zahanati, kumbi, nyumba za maharusi, nyumba za wageni za miji ya mbali. Yeye alibaki pale pale, akitia uzi mwingine.

Mwaka alioingia hamsini na mbili, miguu ikaanza kuvimba. Jioni akivua viatu, alama za kamba zilibaki kwenye ngozi kana kwamba zimechorwa kwa kalamu. Muuguzi wa zahanati alimbonyeza kwa kidole gumba, akatazama lile shimo likijaa taratibu, akamwambia, "Mama, miguu hii haiumwi. Imechoka kukaa. Itafutie safari."

Mumewe alikuwa mwalimu wa udereva, mtu wa kanuni kuanzia kofia mpaka soksi. Aliposikia neno safari, akachukua ufunguo wa gari. Mpango wake ulikuwa kumpeleka mkewe kila jioni hadi uwanja wa mpira, azunguke kwa miguu huku yeye akimsubiri garini na gazeti. Walienda mara mbili. Mara ya tatu Mama Pazia alisema kuliko kuzunguka nguzo za magoli kama mbuzi aliyefungwa kamba, bora avimbe.

Ndipo wifi yake akaingilia kati.

Wifi huyu alikuwa dada mkubwa wa mumewe, mwembamba kama spoku, mstaafu wa posta. Maisha yake yote ya kazi alipeleka barua kwa baiskeli bondeni, katika barabara ya zamani iliyoufuata mto kabla barabara kuu haijajengwa kule mlimani. Magari yote yalihamia juu. Chini kulibaki lami iliyochakaa, ukimya na bata. Tangu astaafu aliendelea kwenda huko bila hata bahasha moja mkononi, na watu walimhesabu kuwa nati imelegea kidogo. Alikuwa na baiskeli mbili: ile ya kazi, aliyopewa siku ya kuagwa, na nyingine aliyoiunga mwenyewe kwa vipande vya baiskeli zilizokufa, akaipaka rangi ya kijani iliyobaki baada ya kupaka geti.

"Wifi," alisema, akiipiga cherehani kofi kama mtu anayempongeza farasi, "umekikanyaga chombo hiki miaka thelathini. Kingekuwa na magurudumu, ungekuwa umeshaizunguka dunia. Miguu unayo. Umekosa njia tu."

Mama Pazia akatoa sababu zake. Kwanza, umri. Pili, uzito. Tatu, hajawahi kuipanda baiskeli hata siku moja, kwa sababu kwao ilikuwa ya kaka zake, na yeye kazi yake ilikuwa kuifuta matope. Wifi alisikiliza zote mpaka mwisho, kisha akauliza Jumamosi anaamka saa ngapi.

Walianzia kwenye uwanja wa shule ya msingi, Jumamosi, wakati hakuna mtu isipokuwa mlinzi. Siku ya kwanza Mama Pazia alianguka mpaka akazoea. Aliangukia kulia, aliangukia kushoto, mara moja aliangukia mbele, jambo ambalo wifi alikiri hajaliona katika miaka yake yote ya posta. Mlinzi alileta kiti akakaa vizuri. Mume naye alikuja, akasimama pembeni, mikono nyuma, akatoa mafunzo: tazama nyuma kabla ya kuondoka, toa ishara, acha nafasi ya kutosha kati yako na chombo kilicho mbele. Dada yake alimkumbusha kwamba chombo kilicho mbele ni ukuta wa darasa la pili.

Wiki zikapita hivyo. Kisha Jumamosi moja, wifi alikuwa akikimbia nyuma yake ameshika kiti, akihema na kumwambia kaza macho mbele, kaza macho mbele, na ile sauti ikaanza kuwa ndogo. Mama Pazia akadhani wifi amechoka. Akageuza shingo kidogo, akamwona yuko mbali, karibu na goli la upande wa pili, amejishika kiuno. Hakuna aliyekuwa ameshika kitu. Baiskeli ilikuwa inakwenda kwa sababu yeye alikuwa anakwenda.

Kilimpanda kizunguzungu cha raha kuanzia kwenye nyayo, kikapita magotini, kikafika kifuani, kikatokea mdomoni kama kicheko ambacho hakukitambua kuwa ni chake. Alipiga raundi, akapiga nyingine. Alikuwa anapaa, mwanamke mzima na kilemba chake, na mlinzi alisimama juu ya kiti kumpigia makofi. Shida ilikuwa moja tu: kusimama hakujafundishwa. Alizunguka huku akiuliza kwa sauti namna ya kushuka, na alipoona majibu yanakuja mawili kwa mara moja na yanapingana, akachagua ua wa michongoma ya shule, akaingia humo mzima mzima. Walimtoa akiwa bado anacheka, majani kichwani.

Tangu siku hiyo alisimama kwa namna hiyo. Breki alizijua, lakini hazikumjua. Akizibana, baiskeli ilisimama na yeye akaendelea. Kwa hiyo alitafuta kitu laini.

Walipotangaza kwamba watashuka bondeni hadi mji mkongwe, nusu siku kwenda, walale, warudi kesho yake, mume aliweka kijiko mezani. Uwanjani sawa, alisema. Barabarani hapana. Mtu hatoki uwanjani akaingia barabarani bila mtihani. Lakini aliyekuwa mbele yake alikuwa dada yake mkubwa, aliyembeba mgongoni akiwa mtoto, na amri zake kwa huyo hazikuwahi kufika popote. Dada alimalizia chai, akasema barabara ile haina gari, ina bata, na bata hawana leseni vilevile.

Wakaondoka alfajiri imeshapauka, wifi mbele kwenye baiskeli ya posta, Mama Pazia nyuma kwenye ile ya kijani, na kila mmoja ana mkate, mayai ya kuchemsha na machungwa kwenye keria.

Barabara iliiacha miji ya watu kimyakimya, ikapita nyuma ya ghala, nyuma ya makaburi, ikateremka kidogo na hapo mto ukatokea mkono wa kushoto kana kwamba ulikuwa unawasubiri. Mpana, wa rangi ya chai ya maziwa, hauna haraka. Mkono wa kulia mashamba ya maharage, kisha mitini ya mwituni, kisha mashamba tena. Lami ilikuwa imepasuka na nyasi zimeota katikati, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na mstari wake. Hakukuwa na sauti ila mnyororo, maji na ndege. Mama Pazia alizoea kusikia dunia kwa njia ya redio. Sasa ilikuwa inamwingia masikioni yenyewe, na harufu yake, majani mabichi, moshi wa mbali, udongo uliolowa.

Palikuwa na kilima kidogo, wakakipanda kwa kusukuma. Kileleni wifi akamwambia, ukishuka usifanye chochote, kaa tu. Mama Pazia akakaa tu. Upepo ukaingia kwenye mikono ya blauzi ukaifurisha, kilemba kikasogea nyuma, machozi ya kasi yakamtoka pembeni mwa macho, na akaanza kupiga kelele moja ndefu isiyo na neno ndani yake. Wifi, aliyekuwa ametangulia, alidhani ni ajali, akageuka kuangalia, naye akaangua kicheko. Wote wawili wakafika chini wakicheka hivyo, magurudumu yakiyumba, wakashindwa hata kukanyaga, wakaishia kwenye nyasi ndefu kando ya mto, wamelala chali, baiskeli pembeni zikizungusha magurudumu. Kila mmoja alipojaribu kutulia, mwenzake alitoa mlio mdogo na wakaanza upya. Bata walitazama, wakahama.

Hapo nyasini ndipo walipogundua tairi la baiskeli ya kijani limepasuka ubavuni. Tyubu wifi aliiziba kwa dakika chache, mkono wake haukusahau. Lakini ule mpasuko wa tairi lenyewe ulikuwa mrefu kama kidole, na tyubu ikijazwa upepo ilichungulia hapo kama kitambi kwenye shati lililokatika kifungo. Wifi alikuna kichwa. Enzi zake angesubiri gari la posta, akasema. Sasa posta haina gari na yeye hana posta.

Mama Pazia akalivuta tairi magotini. Alilipapasa ndani na nje kama anavyopapasa kitambaa kipya. Kisha akatoa kwenye mkoba sindano yake iliyopinda, ile ya kushonea turubai, na uzi uliotiwa nta, maana mkoba ule haujawahi kutoka nyumbani bila vitu hivyo hata akienda msibani. Alikata kipande cha mkanda mgumu wa kichwa cha pazia, akakikunja mara mbili, akakilaza kwa ndani, akashona huku na huku, mishono mifupi inayopishana.

"Usikaze mno," wifi alisema.

"Wifi, wewe shika hapo. Nimekuachia upepo, niachie mimi uzi."

Tairi lilirudi mahali pake. Lilikuwa na kovu, na kila gurudumu lilipozunguka lilisema tap, tap. Mama Pazia alisikiliza mlio huo kama mtu anayesikiliza mtoto wake akisoma kwa sauti.

Wakapita mji mdogo wa kale wenye ukuta na lango fupi, ambalo wifi alilipita ameinamisha kichwa kwa mazoea tu, ingawa halikumfikia. Ndani kulikuwa na kijia kimoja cha mawe, nyumba za roshani za mbao zilizoegemeana kama walevi, na karibu kila mlangoni mtu aliyemfahamu wifi. Bibi mmoja alimuuliza, kwa uzito kabisa, kama barua yake imekuja. Wifi akajibu bado, bibi, lakini niko macho. Wakapewa maji baridi ya mtungi na wakaambiwa wasiende, na walipokwenda wakaambiwa warudi. Mama Pazia alipita mji mzima akipunga mkono mmoja hewani kwa nusu sekunde na kuurudisha kwenye usukani haraka kama aliyegusa sufuria ya moto.

Mji mkongwe wenyewe ulitokea mchana, ng'ambo ya daraja la mawe lenye matao, umeshikilia mlima kwa kucha. Wifi alikuwa ameeleza kila kitu kuhusu mji huo ila kimoja. Kutoka darajani unapanda, halafu unashuka mpaka uwanja wa katikati kwa mteremko mkali wa mawe yaliyong'arishwa na nyayo za watu wa mamia ya miaka. Mama Pazia alitokea juu ya mteremko huo akiwa bado anasifia matao.

Meno yakagongana. Mayai yaliyobaki yakaruka kutoka kwenye keria. Watu wakajibana ukutani, na yeye akawaomba radhi mmoja mmoja, mzee samahani, kaka samahani, mama nisamehe, hadi akatapikwa na kile kichochoro katikati ya uwanja wenye chemchemi. Akaangaza akitafuta ua wa michongoma. Palikuwa na mawe tu. Basi akaanza kuizunguka chemchemi. Alizunguka mara ya kwanza kwa hofu. Mara ya pili hofu ikaisha, akainua macho kutafuta pa kuangukia. Ndipo akayaona.

Nyumba ya ghorofa mbili, madirisha yote wazi, na upepo wa mtoni ulikuwa unayavuta mapazia nje. Rangi ya haradali, majani meupe, pindo pana la mishono miwili. Alilijua pindo lile. Aliyashona yale mapazia mwaka wa mvua nyingi, akayafunga kamba, lori likayachukua, na hakuwahi kufikiri tena kwamba yapo mahali. Sasa yalikuwa yanacheza juu ya kichwa chake, yamejaa hewa, yanajaa na kutulia kama vifua vya watu waliolala.

"Yale ni yangu," aliwaambia watu wa uwanjani akipita. Alipofika upande wa pili akawaambia na wengine. "Yale pale juu. Nimeshona mimi."

Mwenye nyumba hiyo, nyumba ya wageni, alikuwa ametoa godoro nje lianikwe, limeegemezwa ukutani karibu na mlango. Mama Pazia alilenga godoro. Alilipata katikati.

Yule bwana alitoka mbio, akamkuta mwanamke amekaa chini, godoro juu yake, baiskeli ya kijani juu ya godoro. Kutoka chini ya godoro alisikia sauti ikimwuliza kwa utulivu kwa nini pazia la dirisha la mwisho ghorofa ya juu limetundikwa kichwa chini, miguu juu. Bwana yule akashika kichwa. Sauti hiyo alikuwa ameisikia kwenye simu miaka mingi, ikimwuliza upana na urefu na kama anapima kwa futi au kwa ubishi.

Alimpandisha mwenyewe. Wifi alibaki chini akipozesha miguu kwenye chemchemi na kusimulia habari ile kwa waliochelewa. Mama Pazia aliingia chumba baada ya chumba, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alishika pindo, akaachia, akatazama mwanga ukipita kwenye kitambaa na kumwagika sakafuni, wa manjano, laini, mwanga ambao chumbani kwake haujawahi kuuona kwa sababu pale kitambaa kilikuwa kimelala mezani. Katika chumba kimoja kitanda kilikuwa hakijatandikwa, mto umebonyea mahali kichwa cha mtu kilipolala. Mtu amelala hapa, aliwaza, na asubuhi kitu cha kwanza alichofungulia macho ni kazi yangu. Ikabidi aketi kidogo.

Kisha akadai ngazi. Alikuwa juu yake, pete za pazia mdomoni, alipopiga simu nyumbani. Mume alisikia, "Baba, nimefika," halafu pete zikilia, halafu kicheko kisichokatika. Akahukumu kwamba mkewe ameanguka na kuumia kichwa. Akapanda basi la kwanza la barabara kuu.

Alifika alasiri, kofia mkononi, jasho likimtoka. Aliwakuta wawili hao uwanjani wakinywa chai na mwenye nyumba, mkewe mzima, pua imeungua jua. Hasira zilikuwa zimepangwa vizuri tangu kwenye basi, na alizianza kwa mpangilio. Lakini Mama Pazia alimvuta mkono, akamketisha, akamwonyesha madirisha yote, moja moja, kama mtu anayewatambulisha wanawe. Mwalimu wa udereva alitazama juu muda mrefu. Alikuwa ameishi na mapazia yale yakiwa mafurushi ya kumzibia njia. Alipoteremsha macho hakukumbuka tena alikuwa amefika kanuni ya ngapi.

"Na sasa," mkewe alimwambia, "chukua ile ya kijani, upige raundi moja ya chemchemi. Uone ninachokuambia."

Mume akasema magoti. Akasema baada ya chai. Akasema viatu hivi si vya baiskeli. Dada yake alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake kwa makini sana, na Mama Pazia, aliyewajua wote wawili, aliona dada hatazami bure.

"Sijui kuendesha," mume alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Sijawahi kujua. Yeye ndiye aliyejua. Mimi nilisema sipendi."

Hakuna aliyecheka, ingawa mwenye nyumba aliinuka ghafla kwenda kuangalia godoro. Mama Pazia alimtazama mumewe, mtu aliyefundisha nusu ya mji kuendesha magari, na moyo wake ukalainika mpaka ukamtisha. Akamfunga kilemba chake mwenyewe kiunoni, kama mkanda, akamwambia basi atapakiwa.

Dada ndiye aliyempakia, kwa sababu baiskeli ya posta ilikuwa imezoea mizigo. Mwanamke mwembamba mbele, kaka yake mnene nyuma kwenye keria, magoti yamechomoza pande zote, wakaondoka kuelekea darajani wakichora nyoka. Mama Pazia aliwafuata kwa ile ya kijani, tap, tap. Kila baiskeli ilipoinama, mguu wa kulia wa mume ulikanyaga hewa kwa nguvu ukitafuta breki, na kila ulipokosa alimshika dada yake kiuno zaidi. Walipofika katikati ya daraja alikuwa amefumba macho na anatabasamu. Watu wa mji walisimama ukingoni. Mto ulikuwa unapita chini na rangi zote za jioni, na Mama Pazia aliwapita mumewe na wifi akipiga kengele, bila kukusudia, kwa sababu kupunguza mwendo bado kulikuwa kugumu.

Walilala pale wote watatu, wageni wa nyumba, bila kuruhusiwa kulipa. Kesho yake mume alirudi kwa basi, kwa heshima zake, na wiki ile ile mlinzi wa shule ya msingi alilazimika kutoa kile kiti tena. Miguu ya Mama Pazia ilipungua. Muuguzi aliibonyeza na shimo halikukaa. Cherehani anaikanyaga bado, lakini Ijumaa ikifika jioni anaifunika, na ukimpigia simu kuhusu dirisha lako anakuuliza kwanza kama kwenu kuna barabara ya mtoni.

Asubuhi ile ya kurudi, ukungu ulikuwa umelala bondeni mpaka mabegani. Wifi alikuwa mbele, kichwa chake tu kinaonekana kikielea. Pua ya Mama Pazia ikamwasha. Alitoa mkono wa kulia kwenye usukani, akaikuna kwa raha zake, juu, pembeni, hata mahali pasipowasha, na ndipo alipogundua anachokifanya. Baiskeli ilikuwa inakwenda sawa. Hakuurudisha mkono. Aliuacha nje, kwenye ukungu, kiganja wazi, na hakumwambia mtu mpaka walipofika mahali pa chai.